Begi la Umra la Mavyaa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza begi. Sikuwa na hamu hata kidogo, ila Mama, mavyaa wangu, kanikumbusha leo chai haijapoa. Nilimuahidi kabla mume wangu Miraj hajafa, tukiwa tumekaa watatu uani: begi la kushona hapa nyumbani, la matabaka, laini, jepesi, aende nalo Umra baada ya Maulidi na wanawake wenzake wa msikitini. Miraj alicheka. Alisema mamake atapoteza kila kitu Makka isipokuwa hilo begi. Sasa mwanawe kazikwa, mimi mkwewe niko eda, na begi bado linataka kushonwa.

Sawa. Nitashona.

Eda yenyewe siilalamikii. Nguo nyeupe, chumba cha ndani, pazia mlangoni, sitoki, sionani na wanaume wa nje — hiyo ni haki ya Miraj na natimiza kwa moyo. Hata ofisini hakuna shida. Bwana Munyao, bosi wangu, alipokuja mazikoni alisema kazi inaningoja mpaka nitoke. Linet, mwenzangu wa kazini, ananishikia meza, stakabadhi za mizigo ya Taveta anaandika yeye. Nikilala najiambia hivyo: kazi inaningoja. Ndicho kitu changu pekee ambacho hakiko ndani ya nyumba hii.

Nimeosha blanketi kuukuu litakalokaa katikati. Leso za Mama zitakuwa juu, bitana ya kijivu chini. Nimepima mara tatu kabla ya kukata. Mimi na woga wangu! Fundi wa kweli angepima mara moja.

Alasiri walikuja majirani wawili. Wakasikia cherehani. Mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, eti mjane na begi la safari, kaburi hata udongo haujakauka, anakwenda wapi huyu? Mwenzake akasema labda kwao Taveta, kuna mtu anamngoja ng'ambo ya mpaka. Wakacheka.

Mama alikuwa amekaa nao. Begi ni lake! Neno moja tu lingetosha. Akawauliza kama wataongeza sukari.

Jumanne, 5 Agosti

Mistari ya chaki, mshazari, upana wa vidole vitatu. Hiyo ndiyo itakayoshonewa ishike matabaka yote. Nilikuwa nimetulia kabisa. Kisha Mama akaingia na mashati ya Miraj begani.

Kayatoa kabatini kwangu nikiwa bafuni. Hakuuliza. Anataka nikate vipande, nivitie kati ya leso, ili Miraj aende naye Makka. Alikuwa hajawahi kwenda, alisema, na alikuwa akitamani.

Lile la buluu la mikono mifupi bado lina harufu ya dukani kwao, grisi na sabuni. Nilikuwa silifui kwa makusudi. Nikasema, Mama, hili niachie. Akanitazama kama niliyemnyang'anya tonge.

"Wewe utapata mume mwingine, Nasima. Mimi nitapata wapi mtoto mwingine?"

Kisha akalia, na mimi nikalia, na mwishowe nikakata. La buluu pia! Kwa nini nilikata la buluu? Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, hakuna aliyenishika. Nimekasirika mpaka sasa na sijui hasira niielekeze wapi. Kwake siwezi. Kachoka, kakonda, usiku namsikia akitembea.

Jambo moja la kweli lazima niliandike: rangi zimeingiana vizuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Sindano mbili zimevunjika. Blanketi ni zito kuliko nilivyodhani. Nimetuma mtoto wa jirani aniletee za kushonea jinzi.

Tabaka la chini linateleza. Nilianza kushonea pembeni, kosa la mwanafunzi. Unaanzia katikati, unasukuma mikunjo kwenda nje. Nimefumua yote.

Harith, ndugu yake Miraj, kaja kumwona mamake. Alisimama nje ya pazia akanisalimu vizuri, kama kawaida yake. Shemeji, usiwe na wasiwasi, mambo yako yote nayashughulikia mimi. Nikashukuru. Baadaye nikajiuliza: mambo gani? Sina mambo. Nina begi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeyajua mambo.

Linet kapita jioni baada ya kazi, na kabeji mbili na kunde kutoka kwao Bura. Kaingia mpaka chumbani, kakaa kitandani, kavua viatu. Nilifurahi kumwona! Nikamuuliza meza yangu inaendeleaje. Akaangalia chini.

"Si ungeniambia tu, Nasi. Nasikia kwa bosi kama mtu wa barabarani."

Nikuambie nini?

"Kwamba umeacha job."

Nilidhani ananitania. Linet hupenda utani, akianza hajui kumaliza. Lakini hakucheka. Shemeji yangu Harith alifika ofisini wiki jana, kanzu imepigwa pasi, na Aliya nyuma yake, yule mdogo wa mkewe. Akamwambia Bwana Munyao kwamba mjane wao hatarudi, ameamua kutulia nyumbani. Basi kwa kuwa nafasi ilikuwa ya mke wa marehemu, ni vizuri ibaki kwenye familia. Aliya huyu hapa. Kamaliza shule, ana adabu.

Linet anasema bosi alicheka kwanza. Kisha akaona mtu hacheki.

"Nikajiambia, ai, kwani hii kazi ni shamba? Mtu anakufa mnagawa mipaka?"

Na mimi sijafa hata! Aliyekufa ni Miraj, na Miraj alikuwa akiuza vipuri, hakuwahi kuandika stakabadhi moja maishani mwake. Nafasi ile niliiomba mimi. Nilifanya mtihani wao nikiwa na homa. Mimi na Miraj hatukuwa hata tumejuana!

Linet akaniambia nimpigie bosi hapo hapo. Akanipa simu yake, jina liko tayari kwenye kioo. Nikaishika. Nilimsikia Harith uani akimuaga mamake, anacheka na mtu. Nikamrudishia simu.

Alivaa viatu polepole. Akasema Aliya ameambiwa aanze Jumatatu ya tarehe kumi na nane, kama mambo yatathibitishwa.

"Yathibitishwe na nani?"

"Na wewe, si ndio?"

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimeshona kama mwendawazimu. Mguu haukutoka kwenye kanyagio. Uzi umekaza mno, kitambaa kimejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nimefumua. Nimeshona tena. Nimefumua.

Nimewaza kila neno nitakalomwambia Harith. Nimeyapanga vizuri, kwa hoja. Halafu nikasikia pikipiki yake inaingia, nikazima hata taa ya cherehani. Mchana kweupe!

Mimi ni mwoga. Niliogopa walimu, niliogopa mizani za barabarani, namwogopa karani wa kaunti mwenye muhuri. Lakini woga wangu ulikuwa wa kuogopa kukosea. Huu si huo. Sijakosea chochote. Kosa kafanya mtu mwingine na anayetetemeka ni mimi! Hilo ndilo linalonichoma.

Adhuhuri nikamwandikia Bwana Munyao ujumbe. Niliandika mrefu, nikaufuta. Niliandika wa heshima, nikaufuta. Uliokwenda ulikuwa huu: "Shikamoo bosi. Sijasema nataka kuacha kazi."

Jibu lilikuja baada ya chakula. Anasema amefurahi kusikia, lakini yuko njia panda. Mkubwa wa nyumba amekuja kwa miguu yake akasema hivi, na simu inasema vile, na simu anaweza kuandika mtu yeyote. Yeye ni Mkamba wa kanisani, hataki kukanyaga pasipokanyagwa. Atakuja Jumamosi ijayo na Linet kutoa pole ya kazini. Nimwambie mwenyewe mbele ya wazee wangu, basi, hataongeza swali.

Mbele ya wazee wangu! Angesema nitembee juu ya reli usiku ningeona nafuu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemuuliza Mama.

Alikuja kunishikia begi, maana sasa pande mbili zimeshonewa na ni nzito, moja inaanguka nikishona nyingine. Ameshika vizuri, anajua kufuata mkono. Nikauliza bila kumtazama. Mama, ulijua Harith alikwenda ofisini kwetu?

Sindano inakwenda.

"Harith ndiye mkubwa sasa."

Nikasema sikuuliza nani mkubwa.

Sijawahi kumjibu hivyo! Hata yeye alishtuka. Lakini hakuondoa mikono. Akasema: "Nilipokuwa eda ya baba yao, nilikuwa na kibanda changu cha vitambaa pale sokoni. Nilipotoka nikakuta shemeji yangu kamweka mtu mwingine. Sikumuuliza mtu."

"Na sikufa, mwanangu."

Hivyo tu. Sikufa. Kama ndiyo dawa! Nilitaka kumwambia, Mama, tazama unavyoshika hiki kitambaa, tazama vidole vinavyojua, ungekuwa na duka mpaka leo. Sikumwambia. Nilikanyaga kwa nguvu, uzi ukakatika, akauokota, akautia kwenye tundu la sindano bila miwani, akatoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia mamangu Taveta. Vumilia, Nasima. Usitutie aibu kwa watu. Una vyeti, kazi utapata nyingine.

Kazi nyingine. Mume mwingine. Kila mtu ana kingine changu mkononi.

Sijashona leo.

Jumatano, 13 Agosti

Zipu. Nimeitia vizuri ajabu, hata mimi siamini. Inafunguka kama maji.

Aliya kaja na sambusa. Kaziacha juu ya meza ya cherehani, mafuta karibu na bitana — nikazisogeza. Akasifu begi. Akagusa kipande cha buluu, akasema kizuri hiki, dada, umekinunua wapi?

Kisha akauliza, kwa haya kabisa, eti dada, ile programu ya mizigo kwenye kompyuta unaifunguaje?

Na mimi nikaanza kumweleza! Nikamwambia aandike kwanza nambari ya gari, ndipo jina la mwenye mzigo, asigeuze, ikigeuzwa mashine inakataa. Nilifika katikati ndipo nikajisikia. Nafundisha watu kunirithi. Adabu yangu itaniua.

Nikamuuliza yeye aliambiwa nini. Kaambiwa nimechoka. Kwamba nimelia kwa Kaka Harith nikimwomba anisaidie nitoke ofisini, wanaume wengi kule, madereva wana maneno.

"Kwani si kweli, dada?"

Nikamwambia si kweli.

Akang'ata sambusa yake mwenyewe.

"Mimi hata sitaki hiyo kazi. Mimi nataka kusuka nywele. Lakini nikisema nitaambiwa nimedharau."

Nikamwambia aseme. Akacheka, akafuta mafuta midomoni.

"Sema wewe kwanza."

Sina hasira naye tena. Zimebaki zote za mtu mmoja. Afadhali, zikiwa za mtu mmoja zina uzito.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, kidogo kidogo, feni ikiwa imewashwa wasinisikie. Bwana Munyao, sijaacha kazi. Nitarudi nikitoka eda. Sentensi mbili. Nikifika kwenye "sijaacha" naanza tena mwanzo.

Nina kitabu cha madrasa cha zamani. Nimesoma mlango wa eda mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali paliposema nisiongee na mtu kwa haja nikiwa nyuma ya pazia. Hakuna! Nimetafuta kwa wino mwekundu kama ninavyotafuta makosa ya stakabadhi. Hata kutoka mchana kwa jambo la lazima kuna nafasi. Lakini Harith hakai kitabuni. Anakaa sebuleni.

Mama ataondoka baada ya Maulidi. Mimi nitabaki na nani?

Begi limebakia mpini mmoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi. Harith kaja mapema. Kasimama nje ya pazia, sauti tamu.

Shemeji, yule bwana wako wa ofisi anakuja leo kutoa pole. Si maharimu wako, ni mwanamume wa nje, hutatoka. Sauti pia haifai, watu watasema. Nitakuuliza mbele yake kama umeridhika kutulia nyumbani. Wewe gonga mlango mara moja tu. Atajua ni ndiyo.

Nikamuuliza: na hapana?

Akacheka kidogo.

"Hapana haitahitajika."

Mara moja kwa ndiyo. Hapana haikupewa hata ishara yake!

Baada ya Alasiri. Wamefika. Naandika nikiwa kwenye kiti cha cherehani, begi mapajani, mkono hauwezi kushona lakini unaweza kuandika. Nawasikia wote. Bwana Munyao anatoa pole kwa Mama, ndefu, ya kweli, anamtaja Miraj kwa jina. Linet kaleta mkate na sukari. Mama anasema ahsanteni, Mungu awalipe. Harith anamimina chai, nasikia vikombe.

Sasa Bwana Munyao kakohoa. Anasema ana neno moja na hataki kukosea dini ya watu. Kuna jambo la kazi. Angependa kulisikia kwa mwenyewe.

Harith anasema bila shaka, bila shaka, ndiyo maana tuko hapa. Mwenyewe ameridhika kabisa. Ila yuko eda, mnaelewa, sauti yake haitoki. Atagonga.

"Nasima. Umeridhika?"

Sijagonga.

"Nasima?"

Mkono wangu uko juu ya begi. Sijagonga. Moyo unagonga badala yake, nadhani wanausikia.

Harith anacheka. Ana haya, anasema. Tangu aolewe ana haya. Linet kasema labda anataka kuongea. Harith kamwambia, dada yangu, nyinyi hamjui kwetu. Kwetu mwanamke akiulizwa akanyamaza, kunyamaza ndiyo idhini yake. Imeandikwa.

Imeandikwa! Imeandikwa ya bikira! Bikira akiposwa na babake, haya zikimshika, ndipo kimya chake kinahesabiwa. Mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima aseme kwa ulimi wake, na hiyo pia imeandikwa, mstari huo huo! Nimeikariri nikiwa na miaka tisa, na fimbo ilikuwa juu ya meza. Hata wale watoto wadogo wa madrasa wangemsahihisha. Na anaisoma mbele ya Mkamba wa kanisani asiyejua, na Linet asiyejua, kwa sauti ya imamu! Kachukua haya ya msichana kanivisha mimi, mjane, ili anifunge nayo mdomo. Na Mama amekaa pale. Mama anajua. Mama alisoma kwa yule mwalimu aliyemfundisha mwalimu wangu.

Nimesema.

Nimeisema! Sikuinuka hata kitini. Sijaacha kazi, Bwana Munyao. Ilitoka ndogo, imepasuka katikati, ile sentensi ya pili haikutoka kabisa. Lakini imetoka.

Sebuleni kijiko kimegusa kikombe, kikaachwa.

Harith: hiyo ni cherehani tu, chuma kinalia.

Cherehani!

Bwana Munyao anasema yeye amesikia mtu. Anasema polepole, kama anayesoma mizani. Basi arudie mara moja tu, bwana mkubwa, na mimi nitaondoka na moyo safi. Harith anasema haiwezekani. Anasema mmeingia nyumba yenye msiba. Linet anasema Nasi, tuko hapa. Mama bado hajasema lolote.

Kiti kimesukumwa. Ni Harith. Viatu vyake vinakuja huku.

Nimesimama, naandikia juu ya meza. Sentensi ya pili ninayo mdomoni.

Mama kasema kitu. Taratibu mno, sikupata maneno, nimepata jina la Harith tu.

Viatu vimesimama.

Naweka kalamu chini.